Mabunge Arobaini na Saba

Historia ya mabunge ya kaunti nchini Kenya mara nyingi husimuliwa kana kwamba ilianza mwaka 2010. Ukweli ni kwamba nchi hii iliwahi kuwa na mabunge ya mashinani mapema zaidi, na hayakumaliza hata miaka miwili. Katiba ya uhuru ya 1963 iliigawa Kenya katika majimbo saba, mbali na Eneo la Nairobi, na kila jimbo likawa na bunge lake. La Pwani liliongozwa na Ronald Ngala, la Bonde la Ufa likaongozwa na Daniel arap Moi. Wote wawili walikuwa viongozi wa KADU, chama cha jamii zilizohofia kumezwa na KANU ya Jomo Kenyatta. Serikali kuu haikuyataka mabunge hayo tangu mwanzo, nayo haikuona haraka ya kuyakabidhi kazi na fedha zake. KADU ilijivunja Novemba 1964. Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huo, mabunge ya majimbo yalikuwa yamekwisha nguvu. Ngala na Moi wakaingia KANU, na Moi, aliyekuwa mtetezi mkubwa wa majimbo, baadaye akaitawala Kenya kutoka Nairobi kwa miaka 24 bila kuyarudisha.

Baada ya hapo kilichobaki ni mabaraza ya madiwani. Asili yake ni ya kikoloni: Mabaraza ya Wenyeji yalianzishwa mwaka 1924, mkuu wa wilaya akiwa mwenyekiti, na Mwafrika akipewa nafasi ya kushauri. Baada ya uhuru mabaraza ya wilaya na ya miji yalishika shule za msingi, zahanati na barabara za vijijini, kazi ambazo mwananchi huziona kwa macho. Mwaka 1969 Bunge likapitisha sheria ya kuhamisha majukumu hayo kwenda serikali kuu, na kuanzia Januari 1970 mabaraza mengi ya wilaya yakabaki na masoko, leseni, ushuru wa ng'ombe na takataka. Kanuni yoyote waliyoitunga madiwani haikuwa na nguvu mpaka Waziri wa Serikali za Mitaa aiidhinishe. Bajeti nayo ilipitia kwake. Mwaka 1983 serikali ililivunja hata Baraza la Jiji la Nairobi na kulikabidhi jiji kwa tume ya kuteuliwa, iliyokaa hadi 1992. Mabaraza yalipofungwa rasmi mwaka 2013 yalikuwa 175, mengi yakiwa na madeni na sifa mbaya. Lakini tuwatendee haki madiwani: mtu hawezi kunyang'anywa kazi, fedha na kauli, kisha akalaumiwa peke yake kwamba hakufanya lolote.

Katiba iliyokubaliwa na takriban asilimia 67 ya wapiga kura tarehe 4 Agosti 2010 haikurudisha majimbo saba. Iliunda kaunti 47, mipaka ikifuata wilaya zilizotambuliwa na sheria ya mwaka 1992. Idadi hiyo ilikuwa na siasa ndani yake. Jimbo kubwa lingeweza kuitisha Nairobi. Kaunti ndogo haiwezi. Waliohofia majimbo wakatulizwa kwa udogo huo, na waliotamani majimbo wakapewa kitu kingine chenye uzito zaidi, nacho ni ulinzi wa Katiba. Baraza la madiwani lilikuwa kiumbe cha sheria ya Bunge, na waziri aliweza kulivunja kwa tangazo. Bunge la kaunti limetajwa ndani ya Katiba yenyewe, na Kifungu cha kwanza kinasema mamlaka ya wananchi hutekelezwa katika ngazi mbili, ya taifa na ya kaunti. Hakuna waziri anayeidhinisha sheria ya kaunti. Isipokuwa katika dharura ya vita au mapigano ya ndani, hata Rais hawezi kuisimamisha serikali ya kaunti mpaka tume huru ichunguze madai na Seneti iridhie, na hata hapo usimamishaji hauzidi siku 90 kabla ya uchaguzi mpya.

Muundo wake hauna fumbo. Kila wadi huchagua mwakilishi mmoja, na wadi zote nchini ni 1,450. Wanaongezwa wanachama wa viti maalumu ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, pamoja na wawakilishi wa walemavu, vijana na makundi yaliyotengwa. Spika huchaguliwa na wajumbe, lakini yeye mwenyewe hawi mwakilishi wa wadi yoyote. Ukubwa hutofautiana sana: Nairobi ina wadi 85, Kakamega na Kiambu 60 kila moja, ilhali Lamu na Isiolo zina wadi kumi kumi. Katika bunge la wadi kumi mjumbe mmoja hukalia kamati nyingi kwa wakati mmoja, na wale wale waliopitisha bajeti ndio wanaokuja kukagua matumizi yake. Hilo halikupewa uzito unaostahili wakati wa kupanga.

Mamlaka yake ni mapana kuliko wengi wanavyodhani. Bunge hutunga sheria kuhusu kazi zilizotajwa katika Jedwali la Nne la Katiba: kilimo, hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko, leseni za pombe, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, zimamoto. Hupitisha mipango na bajeti. Huwahoji wanaopendekezwa kuwa mawaziri wa kaunti, na huweza kuwakataa au kuwaondoa baadaye. Huweza kumwita mtu yeyote atoe ushahidi, na kwa jambo hilo lina uwezo sawa na wa Mahakama Kuu. Gavana ana siku 14 za kutia saini mswada. Akiurudisha na maoni yake, wajumbe wanaweza kuupitisha vile vile kwa theluthi mbili, na matakwa yake yakaishia hapo.

Katikati ya uwezo huo wote kuna katazo moja. Sehemu ya 9 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza mwakilishi wa wadi kujihusisha, moja kwa moja au kwa njia ya pembeni, na kazi za utendaji au utoaji wa huduma kana kwamba ni mtumishi wa kaunti. Hapo ndipo matatizo mengi ya taasisi hii yalipoanzia. Mpiga kura humwendea mwakilishi wake kwa ajili ya barabara iliyokatika, basari ya mtoto, bomba la maji, mchango wa matanga. Sheria inamtuma asome ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na kuuliza fedha za dawa zilikwenda wapi. Mheshimiwa huchaguliwa kwa ahadi za kazi ya gavana, kisha hulipwa mshahara afanye kazi nyingine ambayo wapiga kura hawakumwulizia hata mara moja kwenye mikutano ya kampeni. Ukiyafuatilia mabishano makubwa ya mabunge haya tangu 2013, utaona mengi yametoka katika pengo hilo.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika tarehe 4 Machi 2013, siku moja na ule wa Rais na magavana. Mabunge mengi yaliingia katika kumbi za mabaraza ya zamani. La Nairobi lilikaa City Hall. La Kilifi lilikutana Malindi, mbali na makao ya gavana. La Taita Taveta likakaa Wundanyi. Wajumbe wengi walikuwa wageni kabisa katika kazi ya kutunga sheria, na waliowahi kuwa madiwani walikuwa wamezoea utaratibu mwingine. Mwaka huo huo wajumbe wa kaunti mbalimbali walisusia vikao wakidai mishahara mikubwa kuliko ile iliyopangwa na Tume ya Mishahara chini ya Sarah Serem. Haukuwa mwanzo wa kujivunia. Safari za nje zilizoitwa za mafunzo zikafuata, na magazeti yakapata vichekesho vya kutosha.

Lakini mwaka wa pili ndio ulioonyesha kwamba taasisi hii si baraza la madiwani lililobadilishwa jina. Januari 2014 bunge la Embu lilimwondoa Gavana Martin Wambora, likimtuhumu kwa ununuzi wa mbegu za mahindi na ukarabati wa uwanja wa michezo. Seneti ikaunga mkono Februari, na Wambora akawa gavana wa kwanza nchini kuondolewa kwa njia hiyo. Mahakama zikamrudisha. Wajumbe wakamwondoa tena, mahakama zikamrudisha tena, akamaliza kipindi chake, na mwaka 2017 watu wa Embu wakamchagua upya. Kesi hizo ziliwachosha watu, ila ndizo zilizoifundisha nchi nzima kwamba kumwondoa gavana ni jambo la ushahidi na utaratibu. Hasira za wajumbe peke yake hazitoshi.

Makueni nako mambo yalifika mbali zaidi. Gavana Kivutha Kibwana na bunge lake walikwama kwenye bajeti, kila upande ukiulaumu mwingine kwa kujitengea fedha. Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa katika viwanja vya bunge na watu kadhaa wakajeruhiwa. Wakazi wakawasilisha ombi la kuivunja kaunti yao, tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ikapendekeza isimamishwe, lakini mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa na kuwaambia warudi wakafanye kazi. Kibwana alichaguliwa tena 2017. Bunge lilelile la kwanza, pamoja na vurugu zake, lilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuhifadhi mchanga wa mito, mali ambayo wafanyabiashara walikuwa wakiichota kwa malori usiku na mchana. Sheria ya namna hiyo isingetungwa Nairobi. Aliyeijua thamani ya mchanga unaohifadhi maji katika mto mkavu ni mtu wa Ukambani.

Hukumu iliyoyabadilisha mabunge yote 47 ilitoka mahali pengine, nayo haikupigiwa kelele nyingi. Kiambu ilikuwa imepitisha Sheria ya Fedha ya 2013 iliyojaa tozo na ada mpya. Wafanyabiashara wakaenda mahakamani wakisema hawakushirikishwa. Aprili 2014 Jaji George Odunga aliifuta sheria hiyo. Alichosema kwa ufupi ni kwamba tangazo la gazetini halitoshi kuitwa ushirikishwaji wa umma. Bunge lina wajibu wa kuhakikisha wananchi wamepata habari na nafasi ya kweli ya kusema. Kuanzia hapo kila mswada wa kaunti hubeba hofu ya kesi hiyo. Ukiona karani wa bunge akitangaza vikao vya wananchi wadi kwa wadi, akipiga picha za waliohudhuria na kuwasainisha kwenye karatasi, ujue anajenga utetezi wake wa mahakamani. Mara nyingine hilo limegeuka kuwa ibada ya karatasi tu: watu hamsini, soda, na makadirio ya mamia ya kurasa yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo kabla ya Odunga hata ibada hiyo haikuwepo.

Uwezo mkubwa wa bunge la kaunti uko kwenye fedha, na ndio unaozungumzwa kidogo. Mgao wa kaunti ulikuwa shilingi bilioni 190 katika mwaka wa fedha wa 2013/14. Kufikia 2025/26 ulikuwa bilioni 415. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inadai angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na makadirio yafike bungeni kabla ya 30 Aprili. Kwa kawaida fedha hazitoki bila sheria ya matumizi kupitishwa. Gavana asiyeelewana na wajumbe wake anaweza kukaa miezi mingi bila bajeti. Taita Taveta iliyaona hayo mwaka 2019: Gavana Granton Samboja alikataa kuidhinisha bajeti akidai wajumbe wameelekeza fedha nyingi kwenye miradi ya wadi, akaanzisha ukusanyaji wa saini ili kaunti yake mwenyewe ivunjwe, nao wakamwondoa kwa kura. Seneti ikamwachia.

Miradi ya wadi: hapo tumerudi kwenye katazo la Sehemu ya 9. Kaunti nyingi zilianzisha hazina za maendeleo ya wadi kwa kuiga Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, ili mwakilishi aweze kuonyesha darasa la chekechea au kivuko alichokileta. Mahakama ya Juu, katika hukumu ya Agosti 2022 dhidi ya sheria ya 2013 ya hazina hiyo ya wabunge, ilikubali kwamba mtunga sheria anayesimamia miradi anavunja mpaka wa kazi yake. Hoja hiyo inamgusa mwakilishi wa wadi vile vile. Ni vigumu kumhoji waziri wa barabara kwa ukali wakati wiki iliyopita ulimwomba greda lipite kwako kwanza. Wanaoitetea hazina ya wadi husema bila hiyo wadi za pembeni husahaulika, na hawakosei kabisa. Lakini dawa ya gavana anayependelea mji mkuu wa kaunti ni bajeti inayotaja kila wadi kwa jina. Bunge lina uwezo wote wa kuiandika bajeti hiyo bila mjumbe kugusa hata mfuko mmoja wa saruji.

Kuhusu kuwang'oa magavana, takwimu za vichwa vya habari hudanganya. Hoja huhitaji theluthi moja ya wajumbe kuiunga mkono na theluthi mbili kuipitisha, kisha Seneti husikiliza mashtaka. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondoka Januari 2020, Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huo huo. Kawira Mwangaza wa Meru aliponea Seneti mara mbili, 2022 na 2023, na ya tatu ikamwangusha Agosti 2024. Wengi zaidi waliokolewa. Kisa cha Kericho cha mwaka 2024 kinafaa kufundishwa darasani: wajumbe 31 kati ya 47 walipiga kura ya kumwondoa Gavana Erick Mutai. Theluthi mbili ya 47 ni 31 na sehemu kidogo. Mtu hawezi kuwa sehemu, kwa hiyo walihitajika 32. Seneti ikaitupa hoja bila kuusikiliza ushahidi. Kwa kukosa kura moja, maswali kuhusu fedha za umma hayakujibiwa. Agosti 2025 wajumbe walirudi wakiwa na kura za kutosha, na safari hii Seneti ikasikiliza na kumwachia.

Kuondoka kwa Sonko kulifichua kifungu ambacho wachache walikuwa wamekisoma. Hakuwa na naibu. Katiba inasema gavana na naibu wakikosekana, spika wa bunge la kaunti hukaimu kwa muda usiozidi siku 60. Hivyo Benson Mutura, spika wa Nairobi, alijikuta akiongoza jiji kuu la nchi bila kupigiwa kura na mkazi yeyote. Mamlaka aliyoyashika yalikuwa yamepungua, kwa kuwa tangu Februari 2020 Sonko mwenyewe alikuwa ametia saini kuikabidhi serikali kuu afya, usafiri, mipango na ujenzi. Bunge la Nairobi halikuwa na kauli kubwa katika makubaliano hayo. Nionavyo, huo ndio udhaifu wake mbaya zaidi tangu 2013, kuliko hata siku ambazo wajumbe wake walipigana ukumbini juu ya kiti cha Spika Beatrice Elachi.

Mara moja mabunge haya yaliishika hatima ya nchi nzima. Mswada wa marekebisho ya Katiba ulioletwa kwa saini za wananchi hauwezi kwenda mbele mpaka mabunge 24 yaukubali. Mwaka 2019 mswada wa Punguza Mizigo, wa chama cha Ekuru Aukot, uliungwa mkono na wachache ukazikwa na walio wengi. Miongoni mwa mambo yake ulitaka kupunguza gharama za wanasiasa, na wajumbe hawakuwa na hamu ya kujipunguzia. Februari 2021 ukaja mswada wa BBI (Building Bridges Initiative), uliosukumwa na Rais Uhuru Kenyatta. Siku chache kabla ya kura, wajumbe walikubaliwa ruzuku ya magari ya shilingi milioni mbili kila mmoja. Baringo iliukataa mswada katika kikao cha vurugu. Lakini mengine zaidi ya 40 yakaukubali, na tarehe 23 Februari peke yake mabunge mengi yalipiga kura ya ndiyo kwa mfululizo. Ruzuku hiyo ilikuwa na uhusiano gani na kura hizo, msomaji ajiamulie. Mei mwaka huo Mahakama Kuu iliusimamisha mchakato wote, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba haungeweza kuendelea, hasa kwa sababu Rais hana ruhusa ya kuanzisha marekebisho kwa njia ya wananchi. Swali la kama wananchi waliposikilizwa kaunti kwa kaunti walielewa walichosomewa lilikuwa limeulizwa na watu wengi kabla ya majaji.

Kwa wanawake, milango imefunguka taratibu. Mwaka 2017 waliochaguliwa moja kwa moja kuwakilisha wadi walikuwa 96. Mwaka 2022 walifika 115, kati ya viti 1,450. Ndiyo sababu viti maalumu bado vinahitajika, ingawa wanaoviingia hukumbushwa kila siku na wenzao kwamba hawana wadi. Wapo waliotumia viti hivyo kujijenga, wakarudi uchaguzi uliofuata wakagombea wadi na kushinda.

Pwani ilipata mfano wake wa karibuni wa bunge linaloachwa pembeni. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, kwa maagizo ya ofisi zao, jambo lililofurahisha wazazi wengi na kuwakasirisha wakulima wa Embu. Mahakama ikayasimamisha maagizo ya Mombasa na Kilifi. Marufuku ya bidhaa inayouzwa halali ni kazi inayohitaji mswada, vikao vya wananchi, mjadala na tangazo katika Gazeti Rasmi. Hatua hizo huchosha, ila sheria iliyopitia humo ina nafasi ya kusimama mbele ya jaji. Agizo la gavana halina.

Mabunge ya sasa ni ya kundi la tatu, lililochaguliwa tarehe 9 Agosti 2022, na muda wake unaisha kwenye uchaguzi wa 10 Agosti 2027. Mwombaji wa kura yako ya wadi akija mlangoni, mwulize ripoti ya mkaguzi kuhusu kaunti yako inasema nini, na alipiga kura gani bajeti iliyopita ilipofika mezani. Vikao vya bunge la kaunti ni vya wazi kwa mujibu wa Kifungu cha 196, na huhitaji barua ya mwaliko kuingia.